Saa 72 za Kwanza, na Haki Zinazofuata: Mwongozo kwa Mama wa Beni na Butembo

Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Kama wewe, au binti yako, au jirani yako amebakwa, iwe shambani, njiani au ndani ya nyumba, anza kuhesabu saa tangu pale lilipotokea. Kuna saa 72, yaani siku tatu, usiku na mchana, za kupata dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini. Saa hizo zikipita, dawa hiyo haianzishwi tena kwa sababu haitafanya kazi. Kwa hiyo usingoje Jumatatu, usingoje mume arudi safari, usingoje wazee wa ukoo wakae. Nenda hospitali. Polisi, kesi, ukoo na kanisa vitafuata.

Naandika haya kwa sababu nimeona mara nyingi mno mama akifika hospitali siku ya nane au ya kumi. Kwanza alipelekwa kwa chefu wa kata, kisha kwa mchungaji, kisha kwa mjomba. Kila mmoja alimpokea vizuri, akamwombea, akamshauri. Hakuna aliyemwambia habari ya saa.

Sote tunajua tulipo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF, kundi lililotoka Uganda, yamewaondoa watu Eringeti, Oicha, Mbau, Mangina na vijiji ambavyo siku hizi vimebaki majina tu. Upande wa kusini, Kanyabayonga ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, mama wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni walipanda barabara ya Lubero kuja Butembo, wakalala kwa ndugu, shuleni na makanisani. Watu husema: mama, usiende shambani. Lakini kakao haivunwi ukiwa mjini, na sufuria haijui kuna vita. Ndiyo maana sitakuambia ukae nyumbani. Nitakueleza la kufanya baya likitokea, mahali pa kwenda, na gharama yake.

Uende wapi? Butembo kuna hospitali kuu za Kitatumba na Katwa, na kuna hospitali ya FEPSI, shirika la wanawake wa hapa hapa ambalo limewapokea waliobakwa kwa miaka mingi. Beni kuna Hospitali Kuu ya Rejea, na Oicha nako iko hospitali kuu. Ukiwa kijijini, anza na kituo cha afya kilicho karibu. Huna haja ya kusimulia yote mbele ya watu waliopanga foleni. Mwambie muuguzi maneno mawili tu: "Nahitaji PEP." Wanalijua neno hilo, ni dawa za kutumia baada ya kubakwa. Kama hawana, waombe wakuandikie karatasi ya kukuhamishia hospitali kubwa, nawe uondoke siku hiyo hiyo.

Je, ni bei gani? Dawa za PEP haziuzwi. Huletwa na serikali na mashirika kupitia ofisi za zoni za afya, zitolewe bure. Mtu akikudai pesa kwa dawa hizo, omba kumwona daktari mkuu wa zoni ya afya. Gharama inayowazuia wengi ni nauli ya pikipiki. Hapo nina ombi kwa kina mama wa vikundi vya akiba, hizi AVEC zetu za kila mtaa. Kila kikundi kina sanduku la mshikamano ambalo hutumika kwa msiba na ugonjwa. Kubalianeni kwamba nauli ya kwenda hospitali kwa jambo la namna hii itoke humo siku yoyote, saa yoyote, bila mkutano na bila kuuliza sababu. Mweka hazina amjue tu dereva mmoja mwaminifu.

Hospitalini watakufanya nini? Watakuuliza, watakupima, na kabla ya kila hatua watakuomba ruhusa. Una haki ya kusema "hapa simama" wakati wowote, na una haki ya kuomba muuguzi mwanamke. Watapima damu kujua kama tayari una virusi au la. Kisha utapewa vidonge vya kuzuia Ukimwi, vya kumeza kwa siku 28 bila kuruka hata moja. Vidonge hivi huwachafua wengine tumbo, hivyo kula kitu kwanza, hata kama ni uji. Wengi huviacha siku ya tano kwa ajili ya kichefuchefu, au kwa sababu wanaogopa mtu wa nyumbani ataviona. Kama ndilo tatizo lako, mwambie muuguzi, atakusaidia kupata namna ya kuvitunza. Utapewa pia dawa za kutibu magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda, na kidonge cha kuzuia mimba. Hicho kinaweza kusaidia hadi siku tano, yaani saa 120, ila kila saa inayopita inakipunguzia nguvu. Baada ya miezi mitatu utarudi kupimwa damu tena.

Na kama saa 72 zimeshapita? Nenda vilevile. Magonjwa mengine yote bado yanatibika, chanjo bado zinatolewa, mimba inapimwa, majeraha yanashonwa. Kuna mama ambao mkojo huwatoka bila wao kujua baada ya kubakwa na watu wengi au kwa kutumia kitu. Huo ni ugonjwa wa fistula, tundu linalotokea kati ya njia ya uzazi na kibofu. Fistula hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imewatengeneza maelfu ya wanawake wa namna hiyo, na kazi hiyo ilimpatia daktari huyo tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Aliyekaa na fistula miaka kumi anaweza kupona, kwa hiyo usijifungie ndani kwa kuona muda umepita.

Sasa habari ya nguo, ambayo hakuna anayetufundisha. Kitu cha kwanza anachotaka mama aliyetendewa hivyo ni kuoga, kisha afue, au achome kila alichokuwa amevaa. Naelewa kabisa. Lakini kama unaweza kuvumilia, usioge kabla ya kuonwa na daktari, na usifue. Chukua kikwembe na chupi ulivyokuwa navyo, uvitie ndani ya karatasi, kwa mfano mfuko wa kaki wa dukani au hata gazeti lililokunjwa. Usivitie ndani ya mfuko wa nailoni. Nailoni hufungia unyevu, nguo inaota ukungu, na alama ambazo daktari angeziona zinaharibika. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na kikwembe chake cha kijani ndani ya mfuko mweusi wa sokoni, amekifunga mafundo mawili kwa uangalifu mkubwa, siku nne tangu jambo litokee. Alikuwa amefanya kila kitu ila hicho kimoja, na harufu iliyotoka tulipofungua ilimtoa machozi upya. Kama umeshaoga na kufua, nenda hivyo hivyo. Daktari ana mengine ya kuangalia.

Kabla hujatoka hospitalini, ulizia cheti cha daktari. Ni karatasi inayoeleza alichokikuta mwilini mwako: michubuko, majeraha, siku na saa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako mbele ya jaji, hata miaka mitatu baadaye wakati makovu yamefutika. Mtu asikuambie kwamba huwezi kutibiwa mpaka ulete barua ya polisi. Matibabu hayangoji polisi. Polisi au mwendesha mashtaka wakihitaji maelezo ya daktari, wao ndio watakaomwandikia.

Vipi mimba ikishika? Hili ni jambo zito katika mji wetu wa makanisa, nami nitalisema kama sheria inavyolisema. Kongo imekubali Itifaki ya Maputo, mkataba wa nchi za Afrika juu ya haki za wanawake, na mwezi wa Machi 2018 mkataba huo ulichapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kifungu cha 14 kinaruhusu daktari kuitoa mimba iliyotokana na kubakwa, au mimba inayohatarisha uhai au afya ya mama, iwe ya mwili au ya akili. Mwezi uliofuata mahakama zote ziliagizwa kuufuata. Hospitali nyingi za kwetu ni za makanisa na hazifanyi kazi hiyo. Uliza bila woga ni wapi inafanyika. Uamuzi ni wako. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kuitoa, wala kukulazimisha kuibeba. Ninaloomba tu ni hili: usinywe majani ya kienyeji wala vidonge vya kununua kwa siri. Tumezika mabinti kwa ajili hiyo.

Ukishatoka kwa daktari, ndipo kesi. Kwa sheria ya Kongo, kubaka ni kosa la jinai, siyo ugomvi wa familia mbili. Tarehe 20 Julai 2006 zilitiwa saini sheria mbili: moja, namba 06/018, inaeleza makosa na adhabu, nyingine, namba 06/019, inaeleza namna kesi inavyopaswa kwenda. Mbakaji hufungwa miaka 5 hadi 20 na kutozwa faini. Kama alitumia silaha, au walikuwa wengi, au ni mtumishi wa serikali, au alimtendea mtu anayemshikilia, kiwango cha chini cha adhabu huzidishwa mara mbili, kianzie miaka 10. Msichana ambaye hajatimiza miaka 18 hata akisema "nilikubali", sheria haiitambui kauli hiyo. Na wakati wa vita, kubaka kunaweza kuwa kosa la kivita au kosa dhidi ya binadamu wote. Katiba ya 2006 inalitaja jambo hilo katika kifungu cha 15. Makosa hayo hayaozi. Mtu anaweza kushtakiwa baada ya miaka ishirini.

Mlango wa kushtaki ni upi? Unaweza kwenda kwa polisi, kwenye kitengo kinacholinda watoto na wanawake, au moja kwa moja kwenye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Aliyekutendea akiwa mwanajeshi, polisi au mpiganaji, mlango ni oditora, ofisi ya mwendesha mashtaka wa jeshi. Ya Beni-Butembo ndiyo inayohusika na huku kwetu. Kumbuka pia kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu wa Kivu Kaskazini umewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi nyingi za jinai zikahamishiwa mahakama za jeshi. Hivyo usishtuke ukifika parke ukaelekezwa oditora. Wewe uliza tu: "Kesi yangu inasikilizwa wapi?" na uombe jibu liandikwe. Kushtaki hakulipiwi. Hakuna pesa ya karatasi, ya kalamu, wala ya mafuta ya pikipiki ya kumfuata mtuhumiwa. Anayekuomba hiyo anavunja sheria.

Sheria namba 06/019 inamtaka polisi aliyepokea mashtaka amjulishe mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Uchunguzi umalizike ndani ya mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Nakuambia ukweli: huku kwetu mara nyingi haiwi hivyo. Majaji ni wachache, barabara zinafungwa, watu wanahama. Lakini ukizijua siku hizo unaweza kwenda kuuliza, tena ukitaja namba ya sheria, na nimeona mara kadhaa faili lililolala likiamka kwa swali hilo. Sheria hiyo hiyo inasema lazima uwe na mtu wa kukutetea, uchunguzwe na daktari na mtaalamu wa mambo ya akili, na usalama wako na siri yako vilindwe. Ukiomba, kesi husikilizwa milango ikiwa imefungwa.

"Sina pesa ya wakili." Nenda kwenye chama cha mawakili, bareau, uulizie ofisi ya ushauri wa bure, kazi yake ni kuwapa wakili wasio na uwezo. Chukua pia cheti cha kutokuwa na uwezo kwenye ofisi ya mambo ya kijamii. Cheti hicho ndicho kinachoweza kukuondolea ada za mahakama. Kuna pia mashirika yanayowasindikiza mama kwa daktari na mbele ya sheria. SOFEPADI, lililojengwa na Julienne Lusenge na wenzake, limefanya kazi hiyo Beni na Ituri kwa miaka.

Sasa nifike kwenye mbuzi. Kwetu mahari huhesabiwa kwa mbuzi, na kwa sababu hiyo familia nyingi huona kwamba baya lililompata binti nalo linaweza kufungwa kwa mbuzi. Wazee wanakaa, mbuzi wawili wanaletwa, au watatu, wakati mwingine na dola hamsini juu, na watu wanapeana mikono. Pengine hata kijana mwenyewe anaambiwa amwoe. Mimi nawaheshimu wazee na najua wanatafuta amani. Lakini binti aliyekaa jikoni akiwasikia mbuzi wanalia nje anajua kwamba ameshauzwa. Na sheria haiko upande wa kikao hicho: kwa makosa ya ubakaji, hata ile faini ambayo polisi huweza kumtoza mtu kwa makosa mengine ili mambo yaishie hapo imekatazwa. Baba au mjomba anayemwoza binti kwa nguvu naye ana kosa lake, kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Kama mbuzi walishapokelewa, bado unaweza kushtaki. Mapatano ya wazee hayafungi mkono wa mwendesha mashtaka.

Utaniuliza kama mkubwa anaweza kweli kufungwa. Kule Kavumu, Kivu Kusini, watoto wa kike walikuwa wakichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao na kubakwa, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyokwenda kukaa Kavumu kwenyewe, iliwahukumu kifungo cha maisha watu 11, na mmoja wao alikuwa mbunge wa mkoa, Frédéric Batumike. Mashahidi walifichwa sura na sauti zao zikabadilishwa kwa mashine ili wasitambuliwe. Kilichoipa nguvu kesi ile ni vyeti vya madaktari vilivyokuwa vimetunzwa, na mama waliokataa kuchoka.

Kuna ukatili mwingine unaokuja na mfuko wa unga mkononi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wanawake wengi wa Beni, Butembo na Mangina waliombwa mwili ili wapate kazi. Tume huru, ambayo Julienne Lusenge alikuwa mmoja wa viongozi wake wawili, ilitoa taarifa Septemba 2021 na kutaja watuhumiwa 83, 21 kati yao wakiwa wafanyakazi wa Shirika la Afya Duniani. Jambo hilo halikuisha na Ebola. Mahali popote penye orodha ya msaada hatari hiyo ipo. Ushike hivi: chakula, hema, jeton, jina kwenye orodha, vyote ni bure. Kazi hupewa mtu kwa uwezo wake. Anayekuomba mwili au pesa, mripoti kwa shirika lake, kwa kamati ya malalamiko ya wahamaji, na kama huwaamini hao, kwa shirika lingine kabisa. Yote yana watu wa kupokea habari hizo, na sheria ya 2006 inamfunga anayemsumbua mtu kwa ngono akitumia cheo chake.

Niseme na mama waliotoka msituni. Wengine walichukuliwa na ADF wakiwa wasichana, wakapewa "waume" kule, wakarudi na mimba au na mtoto mgongoni. Anayerudi hivyo aliibiwa uhuru wake. Sheria huliita jambo hilo utumwa wa kingono, na mhalifu ni yule aliyemshika. Akirudi, apelekwe kwanza kwa daktari, apate pia mtu wa kumsikiliza. Katika hospitali nilizozitaja kuna wasaidizi wa kisaikolojia, kwa kawaida mama wa makamo wasio na haraka. Kazi yao ni kukaa nawe, siyo kukuhoji. Kama hulali, kama unasikia hatua za watu nje ambapo hakuna mtu, kama mtoto akilia unataka kukimbia, waambie. Hayo ni majeraha, nayo yana matibabu.

Mume akisema, "Siwezi tena kukaa nawe"? Maneno yake mdomoni hayavunji ndoa. Nchini Kongo ndoa huvunjwa na mahakama peke yake, na kubakwa siyo kosa la mke. Hana haki ya kukutupa nje na vyombo vyako. Wengine hukubali kuzungumza wakishakaa na msaidizi wa kisaikolojia mara mbili tatu. Nimewaona wanaume waliolia zaidi ya wake zao. Na wewe baba unayesoma hapa, msindikize mkeo hospitali, kaa nje ya mlango, umngoje.

Na mtoto? Mtoto aliyezaliwa hivyo ni Mkongomani kama wengine, naye aandikwe kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini ndani ya siku 90. Kuandika ni bure. Zikipita siku 90 itabidi hukumu ya mahakama ya watoto, na hapo huanza gharama na safari, kwa hiyo wahi. Wengi huogopa kwenda kwa sababu wataulizwa jina la baba. Sheria ya familia imelifikiria hilo: mtoto asiye na baba anayejulikana hupewa na mahakama baba wa kisheria kutoka katika ukoo wa mama, au mtu mwingine ambaye mama mwenyewe anampendekeza. Babu au mjomba mwenye moyo anaweza kusimama mahali hapo. Mtoto anapata ukoo, na shuleni hakuna atakayemwita mtoto wa msitu.

Wajane ni wengi hapa, na sheria yao naona ndiyo inayofichwa zaidi. Mume anauawa Ijumaa, Jumapili shemeji wanakuja kupima kiwanja. Kama ndoa yenu iliandikwa komini na hamkuchagua mpango mwingine wa mali, mlichochuma pamoja ni chenu wote wawili: nusu yako inatolewa kwanza, kabla urithi haujaguswa. Kinachobaki ndicho urithi wa marehemu. Watoto wake wote, wa ndani na wa nje ya ndoa aliowatambua, wanachukua robo tatu. Robo moja inagawanywa kati yako, wazazi wake, na ndugu zake. Nyumba mliyokuwa mnaishi unabaki nayo kwa haki ya kukaa na kuitumia, pamoja na vyombo vyake. Yote hayo yanasimama juu ya karatasi moja ya ndoa. Kama mlioana kwa mila tu, nendeni mkaiandikishe huku mume yu hai. Na tangu Julai 2016, sheria ya familia iliporekebishwa, mke haombi tena ruhusa ya mume ili afungue akaunti, afanye biashara au aende mahakamani. Mama wa Butembo wanaonunua mizigo Kasindi wanunue kiwanja pia, na risiti iwe na jina lao.

Mume aliyechukuliwa na asirudi ni shida ya namna yake, kwa kuwa mke si mke wala mjane. Unaweza kuiomba mahakama imteue mtu wa kusimamia mali, wewe mwenyewe kwa mfano. Na kama alipotea mahali pa hatari, mahakama inaweza kutangaza kwamba amekufa. Kumtafuta, au kumtafuta mtoto aliyekupotea mkikimbia, nenda Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo wanaifanya bure.

Huenda umesikia habari ya FONAREV. Ni mfuko wa taifa wa kuwalipa fidia waathirika wa ukatili wa kingono wa vita na wa makosa makubwa mengine, na umewekwa na sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022. Pesa zake hutoka kwenye ushuru wa madini, asilimia 11. Fidia siyo pesa tu. Ni pamoja na matibabu, mafunzo, na kutambuliwa hadharani kwamba ulidhulumiwa. Waathirika wanatambuliwa na kuandikwa polepole. Kujiandikisha hakuna ada, na anayepita mtaani akikusanya franka ili akuweke kwenye orodha ni mwizi. Utakachoulizwa ni ushahidi: cheti cha daktari, namba ya faili la parke au oditora, hukumu kama ipo.

Karatasi hizo ndizo tunazozipoteza kila tukikimbia. Basi leo jioni, kabla ya kulala, tafuta mfuko mdogo wa kuvaa mgongoni na uutundike karibu na mlango. Weka karte ya uchaguzi na nakala yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya ndoa, risiti ya kiwanja, karte ya kliniki ya ujauzito, na dawa kama kuna mtu anayemeza kila siku. Andika kwenye kipande cha karatasi namba tatu za simu, kwa sababu simu huibiwa na kichwa husahau. Mtoto mdogo mshonee jina lake na jina la mtaa ndani ya nguo. Cheti cha daktari kikunje mara moja tu, kitie ndani ya nailoni. Karatasi hii, tofauti na kikwembe, ndiyo inayotaka nailoni, isilowe na mvua. Kilaze chini kabisa ya mfuko, na umwonyeshe binti yako mkubwa kilipo.